Picha za Wifi

Shosti, niko garini tunarudi kutoka maporomoko ya maji. Wifi yangu kaketi nyuma yangu, kaloa chapachapa.

Ile safari niliipanga mimi, na mwongozaji wa peke yetu, kwa watu watatu: mimi, binti yangu na mama mkwe. Asubuhi wifi akatokea na kofia yake. Hakualikwa na mtu.

Makoti ya mvua yalikuwa matatu tu, na bila koti huruhusiwi kushuka. Wifi akavaa langu, akamwambia mwongozaji, "Huyu ni msaidizi wetu, atabaki na mizigo."

Msaidizi. Mbele ya binti yangu. Mama mkwe akaangalia viatu vyake.

Nimekaa kwenye maegesho saa mbili nzima na mabegi manne. Maporomoko nimeyasikia tu.

Sasa sikia. Kule chini simu zinaharibika kwa maji, kwa hiyo mwongozaji hupiga picha zote kwa kamera yake, kisha humtumia aliyepanga safari. Yaani msaidizi.

Zimeingia zote sasa hivi. Wifi ananigusa bega kila dakika: "Wifi yangu mpenzi, nitumie basi, niweke kwenye kundi la ukoo."

Nikamwambia atulie, nitaziweka mwenyewe.

Nimeweka moja. Ile ya alipoteleza, kakaa dimbwini, mdomo wazi, koti langu limempanda kichwani. Binti yangu ndiye aliyeichagua. Chini nimeandika: "Wifi leo amefurahi sana. Ni mimi, msaidizi."

Simu ya mama mkwe imelia. Ameangalia viatu vyake tena, lakini mabega yanatikisika kwa kicheko.