Fishi ya Noëlla

Jumatatu, 17 Machi

Fishi arobaini na tatu, fomu za kuwapima watoto! Kila mtoto kurasa nne. Anashika kalamu, ananawa mikono, anasikia amri na kuifuata — Ndiyo au Bado. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Mimi ni mwalimu mmoja, chumba kimoja, na watoto wa miaka minne wanaotaka kukojoa wote kwa pamoja. Aliyebuni makaratasi haya hajawahi kumpangusa mtu kamasi, nina hakika.

Nikafanya kama tunavyofanya sote hapa Kasulo. Nililisimamisha darasa zima: makofi mara tatu! Wakapiga. Basi, Ndiyo arobaini na tatu, mstari wa kusikia amri umekwisha. Direktrisi, mkuu wetu wa shule, Mama Henriette, akagonga mihuri bila kusoma. Nimechoka, lakini najiona mjanja.

Jumatano, 19 Machi

Mechack hayupo darasani. Wamempeleka Mutshatsha kwenye msiba. Siku zote hukaa ubavuni mwa Noëlla.

Leo niliamuru makofi ili kutuliza kelele tu. Wote wakapiga. Noëlla — hapana. Alikuwa anatazama kiti kitupu.

Nikaenda nyuma yake, nikamwita. Nikamwita kwa nguvu. Nikagonga kifuniko cha sufuria ya uji! Watoto wote wakaruka. Yeye akaendelea kupanga vizibo vyake vya chupa.

Tangu Septemba anaiga mikono ya Mechack. Na mimi nimeandika Ndiyo.

Mchana mama yake, Mama Agnès, alikuja kumchukua. Nikamweleza polepole. Akasema, "Kwetu namuitaka, haitike. Mi nilizani ni kichwa nguvu, mwalimu. Nikamuchapa." Akakaa chini pale pale kizingitini.

Alhamisi, 20 Machi

Sijalala vizuri. Daktari wa masikio anakuja Jumatatu kutoka Lubumbashi, siku moja tu. Anapokea watoto walioandikwa Bado kwenye mstari ule wa kusikia amri, na mkaguzi awe ametia sahihi. Noëlla hayumo!

Nikaenda kwa Mama Henriette kuomba fishi mpya. Akafunga mlango. Karatasi yenye muhuri haifutwi, haibadilishwi.

"Unataka ba inspecteur baseme tunajazaka bya uongo? Batafunga masomo. Na weye utaenda kuuzisha makala ya kupikia."

Nikasema kosa ni langu, nitalibeba.

"Yako nini, Rachelle? Shiye bote tunajazaka vile."

Kweli. Ndiyo maana moyo hautulii. Nimeandika Ndiyo ngapi muhula huu bila kumtazama mtoto? Lakini sikubishana naye. Nikasema asante, nikatoka — asante ya nini? Najichukia.

Ijumaa, 21 Machi. Saa nne asubuhi

Naandika nyuma ya daftari la mahudhurio. Mkaguzi, Tata Tshiamala, yuko ofisini anakunywa Fanta. Nimemsikia akisifu: fishi safi, hakuna hata Bado moja! Akimaliza chupa atakuja kuwajaribu watoto mwenyewe. Jaribio lake naye ni makofi mara tatu, kama mwaka jana. Halafu anatia sahihi.

Mechack amerudi! Noëlla alimkimbilia akamng'ang'ania shati. Nimewatenganisha. Mechack nyuma kabisa, ukutani. Noëlla mbele, peke yake, hana wa kumwiga. Amelia. Nisamehe, mwanangu. Ukishindwa leo mbele ya watu wote, mkaguzi mwenyewe ataandika Bado, na Jumatatu utamwona daktari. Mimi Jumatatu sijui nitakuwa wapi. Nina watoto wawili wa kulisha, na makaa sijawahi kuuza.

Mlango wa ofisi umefunguliwa. Mama Henriette anacheka kwa sauti, kile kicheko chake cha kuogopa. Wanakuja.

Noëlla ameacha kulia. Amepata wa kumtazama — mimi! Macho yake yako kwenye mikono yangu, anasubiri. Nikipiga, atapiga. Makofi matatu tu, na sote tumepona: Mama Henriette, shule, mimi.

Tata Tshiamala yuko mlangoni, anawasalimia watoto. Naacha kalamu. Mikono naiweka mfukoni.