Marehemu Aliyekula Sadaka Yake

Nyumba ya Yao,
Lango la Kusini,
Zhenhai.
Tarehe 18, mwezi wa tisa wa kalenda yetu,
Mwaka wa 17 wa Jamhuri.

Mpendwa mdogo wangu Boting,

Pokea salamu za nyumbani. U hali gani huko Penang? Kifua kimepoa, au joto la huko bado linakukohoza? Wifi yangu Meiyu na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila magoti. Nikishapiga magoti mbele ya Guanyin, siinuki mpaka nishike meza. Lakini namshukuru Mama huyo wa Rehema, bado napiga.

Najua barua ya Baba Mkubwa Zhongde imeshakufikia. Nakusihi usitie muhuri wako popote kabla hujanisikia na mimi.

Mdogo wetu Lanxin yu hai. Shika hilo kwanza, mengine yafuate.

Meli aliyopanda kutoka Shanghai kuja kututazama iligonga mwamba katika ukungu. Miili ya watu iliokotwa, wake haukuonekana. Tulilia mpaka machozi yakatukimbia. Waandishi wa magazeti wakajaa uani, maana uso wake unajulikana kila penye sinema, picha zile za kimya. Basi Baba Mkubwa, yule yule aliyekataza jina lake lisitajwe nyumbani kwa kuwa mwigizaji, akalia mbele yao akamwita ua la ukoo. Unajua binti asiyeolewa hapewi kibao cha jina cha kumwombea katika ukumbi wa mababu. Lanxin alipewa, tena cha mti wa kafuri, jina kwa rangi ya dhahabu. Tukazika nguo zake mahali pa mwili, pamoja na lile koti la buluu alilonunua kwa mshahara wake wa kwanza.

Siku ya saba ya matanga tulipanga sadaka mbele ya kibao: wali, tofu, uyoga, na vijiti vya kulia vimesimamishwa katika bakuli kama anavyowekewa marehemu. Watawa wanasoma. Mara akaingia Lanxin, kavaa koti la viraka la mvuvi aliyemwokota na kumuuguza siku zote hizo, na mvuvi mwenyewe nyuma yake. Mtawa mmoja alitupa kengele akatoka mbio. Mimi nilimshika mikono. Ilikuwa ya moto, Boting.

"Simama hapo hapo," Baba Mkubwa akasema. "Aliyekwisha kuombolezwa hapiti mlango wa mbele."

"Nipite wapi, Bamkubwa? Dirishani kama paka?"

Akamwambia apige magoti, aape kuacha picha, aolewe na yule mfanyabiashara wa mchele aliyefiwa na mke. La sivyo kibao kitachomwa, na jina lake litoke katika ukoo. "Bahari imekurudisha ili utubu," akasema.

"Bahari haikunirudisha. Nimeogelea mpaka aliponiona huyu mzee. Na kuogelea nilifundishwa kazini, waliponitaka nijitupe mtoni kwa ajili ya picha. Kazi hiyo mnayoitukana ndiyo iliyonifikisha hapa. Adabu zenu zingenizamisha."

"Uoneni ulimi huo! Nao wanasema picha zake hazina sauti."

"Leo umezisikia bure, Bamkubwa."

Mvuvi akacheka, akajifanya anakohoa. Lanxin akavuta benchi, akaketi mbele ya kibao chake, akachomoa vijiti katika wali akaanza kula. "Kimewekwa kwa jina langu," akasema. "Nikiwa maiti mnanipa kiti cha mbele, nikiwa hai mnaninyima hata kizingiti. Basi nakula." Akala mpaka tofu ya mwisho, sisi tumesimama tunamtazama. Sikuwahi kuona sadaka ikipokelewa vizuri vile.

Kesho yake nilichukua jembe nikalifukua lile koti. Majirani walisema nimenajisi kaburi. Nikawajibu kaburi lisilo na mtu ni shimo tu. Nimelifua, nikalianika mbele ya dirisha la Baba Mkubwa. Lanxin amelivaa akarudi Shanghai kazini kwake, kwa meli, njia ile ile.

Kibao nimekifunga karatasi nyekundu, kama vibao vya kuwaombea walio hai. Baba Mkubwa akiibandua asubuhi, jioni nabandika nyingine. Gundi ya unga wa mchele ninayo ya kutosha. Lakini hawezi kukichoma bila muhuri wa mwana wa kiume wa marehemu baba yetu, na huyo ni wewe peke yako. Najua anakutisha kwamba wanao hawatapokewa katika ukoo. Mdogo wangu, ukoo unaopokea binti akiwa amekufa tu, hao watoto wataingia kutafuta nini? Mimi sina muhuri. Nina jembe na gundi. Muhuri ni wako, usiutie.

Nisalimie Meiyu, na umbusu mwanenu mdogo Anping kwa niaba ya shangazi yake. Guanyin awafunike nyote kwa mkono wake, nchi kavu na majini.

Baba Mkubwa anangoja jibu lako, nami nalingoja. Tafadhali nijibu upesi.

Dada yako akupendaye,
Suqin