Mume Wangu na Sufuria Mbele ya Wasaili

We dada, shika simu! Nimeumbuka leo, nimeumbuka!

Usaili wa ile nafasi ya mwalimu wa Kiingereza umeisha sasa hivi. Niko nje ya geti la shule.

Wasaili walinipa chaki nieleze tofauti ya labour, toil na effort. Nikaona nitumie mifano ya nyumbani, ieleweke.

Nikasema labour ni kazi ya nguvu, kama kubeba zege. Toil ni kazi ngumu isiyokwisha, kama mimi na nguo za watoto. Na effort ni kule kujitahidi, hata kama matokeo hayaonekani. Mfano, mume wangu akiosha vyombo. Jasho linamtoka, mluzi anapiga, na sufuria inarudi kabatini na ukoko wake!

Wakacheka. Nami nikanogewa, nikauiga na mluzi wenyewe.

Mwalimu mkuu peke yake hakucheka. Akavua miwani. "Huo mluzi naujua. Mumeo ni fundi redio, ana mwanya?"

Nikamjibu: ndiyo, mama.

"Mimi ni shangazi yake."

SHANGAZI YAKE! Yule aliyekuwa ng'ambo tulipooana!

Nikaanza kubabaika: ni mfano tu, shangazi, mume wangu ni mchapakazi sana…

Akanikatiza. "Mwanangu, mimi ndiye niliyemlea. Hiyo effort umempa maksi za bure."

Kazi nimepata, naanza Jumatatu. Ila Jumapili anakuja kwetu kukagua sufuria.