Sungura wa Kushoto

Bibi, shikamoo. Nimeondoka ukiwa shambani. Ugali nimefunika. Sungura wa kulia wape nyasi na majani ya mlonge, wa kushoto nyasi tu.

Asubuhi nimewapima, uzito sawa pande zote! Kumbe wa kushoto unawapelekea mlonge kwenye kanga. Nilipokuuliza, eti, "Watoto wa nyumba moja hawabaguliwi." Bibi! Wiki sita za utafiti wangu. Nimelia njia nzima ya kisimani.

~~Usikanyage tena bandani.~~ Ingia tu, wamekuzoea. Tena wote wamewazidi uzito sungura wa jirani yetu Mzee Silvester wasioujua mlonge, kwa hiyo naona mwanga. Nimeenda Mpanda kumwomba mwalimu wa chuo nianze upya.

Wa kushoto wakikukodolea macho, nawe wahurumie kwa macho tu.

Mjukuu wako,
Dorika