Matenga ya Ijumaa ya Kwanza

Jumapili, 15 Februari
Jumatano ni Majivu! Kwaresma inaingia, watu wanaacha nyama — na mimi, mkaanga perege wa hapa Makole, nina raha kama bwana harusi. Nitamwagiza Mgeni, wakala wetu kule Mtera, matenga saba ya Ijumaa. Mke wangu Generosa kauliza saba nimeyatoa wapi. Nimeyahisi! Kacheka mpaka kakaa chini. Kisha kasema nikikosea safari hii, kuagiza samaki ni kazi yake mpaka Pasaka. Mimi nibaki na moshi wangu.

Jumatatu, 16 Februari
Binti yetu Erica kaja na laptop. Mauzo ya Kwaresma ya mwaka jana yamo kwenye simu, maana wateja wanalipia humo. Kabofyabofya: matenga matatu. Matatu! Nikamwambia nilianza kukaanga yeye hajaota meno. Ndiyo baba, kasema, na mwaka jana perege walibaki tukala mpaka paka akahama. Mtoto ana heshima, ila kumbukumbu zake hazina adabu.

Jumanne, 17 Februari
Abdulrazaki wa bucha jirani kapita ananicheka: mzee wa perege, Kwaresma umeiona, Ramadhani hukuiona?

Mungu wangu! Zinaingia pamoja, kama mwaka jana. Nusu ya wateja wangu wa mchana watafunga! Mimi nilikumbuka foleni ya Ijumaa za Kwaresma tu. Nikampigia Mgeni mbio. Si saba, si matatu — matano! Generosa: hesabu gani hiyo? Nimepatanisha. Mimi mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, najua kazi gani nyingine?

Ijumaa, 20 Februari
Yameisha!! Sijabaki na hata kichwa! Nimecheza mbele ya karai, Generosa kafunika uso kwa kanga. Wa Kwaresma wamekula matatu, na Abdulrazaki, anayefuturisha mtaa mzima leo, kabeba mawili.

Erica kauliza taratibu: na Ijumaa ijayo, atafuturisha tena?

Nimejifanya nasugua karai. Sasa nimejibanza nyuma ya friji naandika. Simu inalia — Mgeni anataka idadi ya wiki ijayo. Generosa kanyoosha mkono nimpe. Erica kafungua laptop. Subirini, nawaambia, subirini kidogo! Matatu, najua ni matatu. Lakini ile foleni ya leo, jamani! Mdomo umeshajiandaa kusema nane —