Maneno Yako Niliyoyameza

Kibirichia,
Jumapili jioni.

Kaka yangu Mutuma,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini baridi ya Kianjokoma haijakuumiza vidole, na kwamba huko unakochuma majani chai unakula ukashiba. Sisi tu wazima, na goti la Mama limetulia kidogo. Nimekutumia ujumbe kwa simu mara nyingi na hujajibu, kwa hiyo barua hii nampa Nthiga, anayeleta viazi soko la huko. Tafadhali isome hadi mwisho, hata ukikasirika katikati.

Habari za shamba si nzuri. Sakitu, ile baridi ya usiku inayogandisha umande, iliunguza viazi vyote vya kule bondeni, na vilivyobaki madalali walivichukua kwa magunia yaliyoshindiliwa hadi yakaota kichwa, kwa bei ya gunia la kawaida. Mama alitazama tu. Mwaka kama huu mashine yako ya kufuma sweta ndiyo ingetushika mkono. Badala yake iko Majengo, mjini Meru, katika chumba cha mama mmoja aitwaye Gacheri, ambaye baba mdogo Mithika amemkodishia. Nilipita huko wiki jana nikaiona. Bado ina ule utepe mwekundu ulioufunga. Inafuma sweta za shule ambayo wewe ndiye uliyeiomba kazi, kwa karatasi na kalamu, ukasimama mlangoni kwa mwalimu mkuu asubuhi nzima. Nilitaka kuingia niibebe. Nikasalimia tu, nikapita.

Nina hasira, Mutuma. Baba mdogo anasema kila mahali kwamba anakutunzia mali. Una miaka ishirini na sita. Unasoma na kuandika, na daftari lako la mipango ninalo hapa: katika kila sweta, fungu la uzi, fungu la Mama, na fungu la benki kwa ajili ya siku mikono itakapochoka. Uliandika kwamba mikono yako ndiyo kazi yako na ndiyo mdomo wako, kwa hiyo ikichoka utakuwa umepoteza viwili. Baba mdogo hana daftari la namna hiyo. Amelima viazi miaka thelathini na kila msimu bado anakopa mbegu. Lakini siku ile ya mkutano wa mashine yako, katika ukumbi wa kanisa, alisimama akauliza, mtu asiyesikia atasikiaje pesa zake zikiibiwa? Watu wakacheka. Hilo sikukutafsiria. Uliniuliza wanacheka nini, nikakwambia kuna mtoto ameangusha soda.

Sasa nifike pale ninapoogopa.

Unakumbuka yule mama wa shirika lililokupa mashine aliuliza swali kabla ya kujaza fomu. Aliuliza kama unakubali baba mdogo awe mlezi wako, aishike mashine na yeye ndiye awe anatia sahihi kwenye akaunti. Nilikufikishia swali lote kama lilivyokuwa. Nawe ukajibu kwa mikono, ukijipiga kifua: “Mashine ni yangu. Akaunti ni yangu. Mimi si mtoto, na baba mdogo si baba yangu. Anayetaka kunisaidia aninunulie uzi.”

Ukumbi mzima ukanigeukia mimi. Baba mdogo alinitazama, yeye aliyenilipia karo ya muhula wa mwisho. Nikasema, “Anashukuru. Anasema anakubali.”

Wakapiga makofi. Uliyaona makofi yale, ukanishika bega ukatabasamu, ukidhani wamekuunga mkono. Fomu haikufika hata mkononi mwako, kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kukusemea. Wiki iliyofuata mashine ikabebwa, nawe ukaondoka ukiamini kwamba watu wa kwetu walikuahidi kisha wakakugeuka. Hawakukugeuka. Hawakuwahi kukusikia. Ni mimi. Sikupewa kitu wala sikutishwa. Niliona haya kusema maneno makali mbele ya watu wazima, na haya yangu imekugharimu mashine. Hasira yote niliyoandika juu ya baba mdogo, nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Ijumaa yule mama wa shirika alirudi kukagua. Baba mdogo akamwambia unaendelea vizuri. Nikasimama. Niliyasema maneno yako yote, hadi lile la uzi, nikaeleza na jinsi nilivyoyameza. Baba mdogo akasema, “Kumbe una mdomo? Siku ile ulikuwa wapi?” Hilo ndilo la kweli pekee alilosema tangu haya yaanze. Mama alitoka nje akalia, na hajanisemesha hadi leo. Lakini asubuhi nilimkuta akifagia kile chumba mashine ilimokuwa.

Fomu haijafutwa. Yule mama alisema hawezi tena kuuamini ulimi wangu, na sikumlaumu. Anataka uje mwenyewe, Alhamisi ya tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi, ukumbi ule ule. Mwalimu Eunice, aliyekufundisha katika shule ya viziwi, amekubali kuja kutafsiri. Mimi nitakaa nyuma, karibu na mlango.

Wasalimu wote unaochuma nao chai, na Mungu akulinde njiani. Usiponijibu nitaelewa. Lakini njoo. Na ukija, nitukane kwa mikono yako miwili mbele ya watu wote, ili Mwalimu Eunice aseme kila neno kwa sauti, asiache hata moja.

Ni mimi dada yako,
Gatakaa.