Feni ya Mapanga Kumi na Mawili

Karakanani kwa Baba,
Mlango wa Nyuma.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye benchi hili hili la kusukia nyaya za mota, maana meza ya sebuleni imejaa dawa za Baba. Hujambo huko? Kifua kimepona? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu, nilipouliza ukageuza maneno kama kawaida yako. Shemeji je, na binti yenu? Sisi tupo. Nikisema hatujambo nitakuwa nakudanganya, na leo sitaki, nimeshadanganya vya kutosha.

Nianze na macho ya Baba. Lile la kulia uliloliacha na ukungu limezimika kabisa. La kushoto linatambua mwanga wa dirisha, basi. Daktari wa macho alimwambia kilichokwenda hakirudi. Baba akamshukuru, kisha akamwuliza kama gari lililoingia asubuhi likilia mkanda ni lake. Lilikuwa lake kweli! Unamjua mzee wako, miaka thelathini na minane ya kutengeneza injini za ndege, yeye hasikii kelele, anasikia ugonjwa.

Kisanduku chako kilifika salama, feni zote mbili nzima, na mota zake, na betri ya seli sita. Barua yako pia niliiona. Uliandika nisichague mimi, nimwashie Baba zote mbili asikilize, achague mwenyewe. Ukapiga na mstari chini yake. Niliisoma vizuri sana, Kaka, wala sitasingizia mwandiko.

Ndege yenu ilikuwa bado inaning'inia darini, ile mliyoichonga wewe na Baba mwaka wako wa mwisho hapa nyumbani. Tumboni ilikuwa na bomba tupu la bati, mlilolikunja mkisema siku moja feni itakaa humo ivute hewa mbele na kuitema nyuma, kama ndege kubwa. Niliiteremsha nikaipima. Ikiwa na betri, kilo tatu! Rangi peke yake tabaka nne. Hivi mlikuwa mnatengeneza ndege au kabati la nguo?

Uzito huo ukanitia woga. Nikafunga feni moja moja kwenye kibao chenye magurudumu, nikaiacha isukume mizani ya jikoni. Ya mapanga matano ilisukuma kilo mbili na gramu mia sita. Ya mapanga kumi na mawili, betri ile ile, kilo mbili na mia moja tu. Sauti zao nilizisikia pia, si kwamba mimi kiziwi. Ya matano inapiga mluzi wa kutoboa masikio. Ya kumi na mawili inavuma kwa uzito, kama ndege ya kweli iko mbali inakuja.

Nikachagua ya matano. Baba alikuwa amelala, mlango wake umefungwa, na sikumwamsha, kwa sababu nilijua atachagua kwa sikio, nami nikajiona fundi ninayeamini mizani. Niliogopa ndege ishindwe kupaa, ianguke mbele yake. Mbele ya macho gani? Hilo sikujiuliza.

Mwalimu wa hesabu, jirani yetu anayerusha ndege za namna hii siku za mapumziko, alikubali kuirusha. Aliikagua, akasema feni inakosa pumzi, akanisaidia kutoboa matundu mawili zaidi ya hewa. Jumamosi ya mwisho wa Mei, asubuhi, tukaenda kwenye uwanja wa lami wa kile kiwanda kilichofungwa. Baba alivaa ovaroli yake ya kazini, kaipiga pasi mwenyewe kwa kupapasa. Tulimkalisha kwenye kigoda kando ya ukuta, uso kaelekeza juu.

Kaka, iliruka. Wallahi iliruka! Ilikimbia lami yote, nikafumba macho, nilipofumbua iko juu inageuka, tumbo linametameta. Dakika nne nzima. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nilitaka kumpigia Baba kelele, nikajizuia, nikasema mwache mzee wa watu asikilize kwa raha zake.

Ilipotua nikamkimbilia. Bado kainua uso.

"Hao wakata nyasi hawamalizi tu?" akaniuliza. "Hebu waombe wazime mashine yao, turushe yetu niisikie."

Nilimtazama Mwalimu, Mwalimu akatazama viatu vyake. Ningemwambia Baba nini, kwamba ameshaikosa? Nikasema betri imegoma. Na njia nzima ya kurudi, mkono wake begani mwangu, akawa ananibembeleza yeye mimi. Eti Sumaku usilie, hata zile kubwa zilikuwa zinatugomea na abiria wamo ndani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu zima, Kaka, kilichovunjika sijui nikuonyeshe wapi.

Nikajipa moyo kwamba wiki inayofuata nitabadilisha feni, turudi uwanjani kama vile ndiyo mara ya kwanza. Haikuwa riziki. Jumatatu miguu yake ilivimba, pumzi ikawa fupi, na daktari anasema moyo umechoka, asitolewe nyumbani. Uwanja ndiyo basi tena. Siku kumi na mbili hakukanyaga sakafu. Shangazi anakuja kila siku kunisaidia kumgeuza, anakusalimu sana, naye ndiye aliyenigombeza mpaka nikakaa kuandika.

Jana alasiri nilifungua tumbo la ndege, nikang'oa ya matano, nikaweka ya kumi na mawili. Nikaibana ndege kwenye jiliwa la benchi, nikaacha wazi mlango wa chumba chake, nikaongeza umeme pole pole. Ikavuma. Vioo vya dirisha vikaitikia, vumbi la miaka likatoka kwenye lile bomba lenu. Nilipozima, nikasikia ananiita.

Nilimkuta amekaa kitandani, nyayo ziko sakafuni, anapapasa viatu vyake.

"Kitanda cha kaka yako umekitandika?" akasema. "Imeshatua hiyo. Sasa hivi atakuwa anatafuta teksi."

Safari hii sikudanganya. Nikapiga magoti nikamwambia yote: kwamba hakuna aliyetua, ni feni tu, na kwamba wale wakata nyasi wa siku ile walikuwa ndege yenu, na aliyechagua ni mimi. Akakipakata kiatu mapajani. Nikangoja anigombeze. Ningeshukuru.

"Kwa hiyo iliruka," akasema.

"Iliruka, Baba. Dakika nne."

"Basi kaiwashe tena. Na kitanda ukitandike hivyo hivyo."

Nimekitandika, Kaka. Shuka zile za mistari. Najua kazi yako na makaratasi yako, na sina mdomo wa kukuamuru. Nakueleza tu hali ilivyo: betri nimeshaichaji mara mbili tangu jana, yeye anaisikiliza akiwa amevaa viatu, na daktari hataji tena miezi, anataja wiki.

Msalimu Shemeji, mbusu binti yenu, mwambie babu yake anauliza anafanana na nani. Shangazi anakuombea, na Mwalimu anasema ukija atakuachia wewe uirushe. Mungu akufungulie njia, mapema.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda, na ambaye safari nyingine atasikia la mkubwa,

Sumaku.